Kabla ya kuvaa raba, pima presha

Mfanyabiashara mwenye miaka 60 na zaidi anayetaka kuanza mazoezi anahitaji kwanza kujua hali ya moyo wake, sukari yake, dawa zake na miguu yake. Mengi kati ya hayo hupimika katika zahanati ya kawaida, upande wowote wa mpaka.

Mara mbili kwa mwezi, Jumapili asubuhi, barabara kadhaa za jiji la Kigali hufungwa kwa magari na kuachiwa watu. Wazee kwa vijana hutembea, hukimbia na kuendesha baiskeli. Utaratibu huo wa siku bila magari ulianza mwaka 2016. Pembeni ya mazoezi, wahudumu wa afya huweka meza zao na kuwapima watu shinikizo la damu, sukari na uzito bila malipo.

Meza hizo zina somo kwa wafanyabiashara wa mipakani. Kuanzia Busia na Namanga hadi Mutukula na Rusumo, wapo wengi walioingia katika biashara wakiwa vijana na sasa wana miaka 60 au 70. Watoto wanawahimiza wafanye mazoezi. Mtaani kuna kikundi cha mchakamchaka wa alfajiri. Hamu ipo, ila wachache hujiuliza kama mwili uko tayari, na kwa kiasi gani.

Makosa ni ya aina mbili. Wapo wanaolala wakiwa hawajafanya zoezi lolote kwa miaka 20, wakaamka kukimbia na vijana. Kwa mtu asiyezoea, zoezi kali la ghafla ndilo linaloweza kuchochea mshtuko wa moyo, hasa kama mishipa ya moyo imeanza kuziba bila yeye kujua. Wengine huogopa kabisa. Wakishaambiwa wana presha, hukaa kitako, na kukaa huko huongeza presha, sukari na udhaifu wa miguu. Kupima kabla ya kuanza kunaepusha makosa yote mawili, kwa kuwa wengi wa wanaopimwa huruhusiwa kuanza, polepole.

Kushinda dukani si mazoezi

Mfanyabiashara wa mpakani atasema anatembea vya kutosha. Anaamka alfajiri, anapanga foleni ya uhamiaji, anafuatilia karatasi za forodha, anashusha mzigo. Lakini saa zake zikihesabiwa, nyingi ni za kukaa ndani ya basi au nyuma ya meza ya duka, na zinazobaki ni za kusimama. Kunyanyua gunia kwa nguvu zote huku pumzi imebanwa nako hakufundishi moyo kazi. Hupandisha presha kwa ghafla, na kwa mwenye ngiri huongeza tatizo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unawataka watu wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Dakika 150 ni sawa na nusu saa kwa siku tano. Aidha, wanatakiwa kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na kufanya mazoezi ya nguvu na kutunza mizani ya mwili siku tatu au zaidi ili kuzuia kuanguka. Hicho ndicho kiwango cha kufikia baada ya muda. Si cha kuanza nacho siku ya kwanza.

Maswali saba ya nyumbani

Nchini Kanada, tangu miaka ya 1970, wataalamu wamekuwa wakitumia orodha fupi ya maswali kwa mtu anayetaka kuanza mazoezi. Imeboreshwa mara kadhaa na sasa ina maswali saba ya awali. Kwa ufupi yanauliza haya:

Je, umewahi kuambiwa na daktari kuwa una ugonjwa wa moyo au presha? Je, hupata maumivu ya kifua ukiwa umepumzika, ukifanya kazi za kawaida au ukifanya zoezi? Katika miezi 12 iliyopita, umepata kizunguzungu hadi kupepesuka, au kuzirai? Una ugonjwa mwingine wa muda mrefu? Unatumia dawa kwa ajili ya ugonjwa wa muda mrefu? Una tatizo la mfupa, kiungo au misuli linaloweza kuongezeka ukifanya mazoezi? Umewahi kuambiwa ufanye mazoezi chini ya uangalizi wa mtaalamu tu?

Kama majibu yote ni hapana, mtu anaweza kuanza na mazoezi mepesi na kuyaongeza kidogo kidogo. Jibu la ndiyo, hata kwa swali moja, halimaanishi kwamba mazoezi yamekatazwa. Linamtaka aeleze zaidi kwa mhudumu wa afya kabla hajaanza.

Zipo pia dalili ambazo wazee wengi huzipuuza wakidhani ni umri tu. Miongoni mwake ni kuishiwa pumzi kwa kupanda ngazi chache, kushindwa kulala bila kuinua kichwa kwa mito, kuvimba vifundo vya miguu, moyo kwenda mbio bila sababu, na maumivu ya vigimbi yanayoanza akitembea na kuisha akisimama. Mwenye mojawapo aende hospitali kwanza.

Wawili wa umri mmoja, ushauri tofauti

Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kilibadili mwongozo wake mwaka 2015. Kabla ya hapo, umri na vihatarishi vingine vilihesabiwa, na watu wengi wakaishia kupelekwa kwa daktari bila sababu ya msingi. Sasa yanaangaliwa mambo matatu: kama mtu tayari anafanya mazoezi mara kwa mara, kama ana ugonjwa wa moyo, kisukari au figo au dalili zake, na ukali wa zoezi analotaka kufanya.

Chukulia akina mama wawili wenye miaka 64 wanaouza vitenge. Wa kwanza hana ugonjwa anaoujua baada ya kupimwa, hana dalili yoyote, na anataka kutembea jioni. Huyo anaweza kuanza bila kibali maalumu. Wa pili ana kisukari, hajafanya mazoezi kwa miaka mingi, na anataka kujiunga na mchakamchaka. Hata kama hajisikii vibaya, aonane na daktari kwanza. Umri wao ni mmoja, lakini hatari zao si sawa.

Namba hubadilika sura ukivuka mpaka

Hapa wafanyabiashara wa nchi jirani wanahitaji umakini wa ziada. Kigoma au Kisumu, mtu huambiwa presha yake ni 140 kwa 90. Bujumbura au Goma, ambako tiba imefuata desturi ya Kifaransa na Kibelgiji, anaweza kuambiwa ni 14 kwa 9. Ni kipimo kilekile, kimeandikwa kwa sentimita badala ya milimita. Anayedhani amepona kwa sababu namba imepungua anajidanganya.

Sukari nayo ina vipimo viwili. Mashine moja husoma mmol/L, nyingine mg/dL. Kutoka cha kwanza kwenda cha pili, zidisha kwa 18. Kwa hiyo 7 kwenye mashine moja ni kama 126 kwenye nyingine, na kiwango hicho, mtu akiwa hajala tangu usiku, ndicho kinachoanza kuhesabiwa kuwa kisukari kikithibitishwa kwa kupima tena.

Presha isipimwe mtu akiwa ameshuka tu kwenye basi. Apumzike dakika tano, amekaa, miguu iko chini, kibofu hakijajaa, na asiwe ametoka kunywa kahawa. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, anahitaji ushauri na matibabu, na mara nyingi kutembea ni sehemu ya matibabu hayo. Namba ya juu ikifika 180 au ya chini ikifika 110, mazoezi yasubiri hadi presha ishushwe kwa tiba.

Kwa mzee ni vizuri kupima pia akiwa amelala, kisha ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mtu huyo yuko katika hatari ya kizunguzungu na kuanguka. Mazoezi ya kuinama na kuinuka haraka hayamfai kwa kuanzia.

Dawa zilizomo kwenye mkoba

Mhudumu wa afya hawezi kushauri vizuri bila kujua dawa anazotumia mzee. Jina la biashara kwenye boksi hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine, lakini jina la dawa yenyewe, ambalo kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo chini yake, ni lilelile. Ni vyema kubeba boksi au karatasi ya vidonge badala ya kueleza rangi yake.

Dawa za presha kama atenolol na propranolol hupunguza mapigo ya moyo, hivyo kuhesabu mapigo hakutaonyesha ukali wa zoezi. Dawa za kukojosha, mfano furosemide, hupunguza maji mwilini, na katika joto la Mombasa au Dar es Salaam huleta kizunguzungu kwa urahisi. Anayetumia insulini au glibenclamide anaweza kushukiwa na sukari wakati wa zoezi au saa kadhaa baadaye. Huyo apime kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5, yaani 90 kwa kipimo kingine, ale kitu kwanza, na mfukoni asikose pipi au sukari. Hakuna sababu ya mtu kuacha dawa kwa kuwa ameanza mazoezi, isipokuwa daktari aliyemwandikia abadilishe.

Miguu nayo ipimwe

Kwa mzee, kuanguka ni hatari sawa na moyo. Mfupa wa nyonga ukivunjika, biashara inaweza kufungwa kwa miezi. Vipimo viwili vinahitaji kiti imara na saa tu, pamoja na mtu wa kusimama karibu.

Cha kwanza, mzee akae kwenye kiti, mikono imekunjwa kifuani, asimame wima na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 65 hadi 69 akishindwa kufikisha mara 11, au mwanaume wa umri huo mara 12, miguu yake ina udhaifu. Cha pili, asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, bila kushika kitu. Akishindwa kukaa hivyo sekunde 10, aanze na mazoezi ya nguvu na mizani akiwa ameshika ukuta, kabla ya kutembea kwa kasi barabarani.

Mwenye kisukari akague nyayo kila siku, kwa sababu ganzi huficha malengelenge na vidonda. Macho yasisahaulike pia. Mwenye mtoto wa jicho asifuate kikundi gizani katika barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu.

Siku ya kwanza

Baada ya yote hayo, mwanzo ni mdogo. Dakika 10 za kutembea zinatosha, mara moja au mbili kwa siku, zikitanguliwa na mwendo wa taratibu na kumalizwa hivyohivyo. Kipimo cha ukali ni mdomo: anayefanya zoezi la wastani anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo. Dakika ziongezwe kwanza, kasi baadaye.

Anayetoka pwani kwenda Eldoret, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, apunguze mwendo siku za mwanzo, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Anayeshuka pwani atembee alfajiri au jioni na anywe maji, isipokuwa kama daktari amemwekea kiwango kwa sababu ya moyo au figo. Mwenye homa, ya malaria au nyingine, apumzike hadi apone.

Zoezi lisimamishwe mara moja kukiwa na maumivu au kubanwa kifua, hata kama yanaelekea mkononi, shingoni au kwenye taya. Vivyo hivyo kwa pumzi kukata kusiko kwa kawaida, jasho baridi, kizunguzungu, uso kupinda upande mmoja au mkono kukosa nguvu. Hizo si dalili za kwenda kulala gesti ukisubiri kupambazuke. Ni za kwenda hospitali iliyo karibu, hata kama iko upande wa pili wa mpaka.

Kila mfanyabiashara mzee anayesafiri anaweza kuweka ukurasa mmoja mwishoni mwa daftari lake la hesabu. Aandike presha na sukari za karibuni pamoja na kipimo kilichotumika, magonjwa aliyonayo, majina ya dawa na dozi zake, na namba ya simu ya ndugu. Ukurasa huo utamsaidia mhudumu yeyote, kuanzia wa meza ya Jumapili Kigali hadi wa zahanati ya Namanga, kumwambia aanzie wapi.