Nyungu, Tasbihi na Hofu ya Korona

Aprili 2020, katika nyumba nyingi za Tanzania, sufuria ilikuwa haishuki jikoni. Majani ya mkaratusi na mwarobaini, mchaichai, tangawizi na malimau vilichemshwa pamoja, wagonjwa kwa wazima wakajifunika mablanketi na kuuinamia mvuke. Nyungu, tiba ya mabibi zetu, ilirudi mjini kwa kishindo. Kuanzia tarehe 17 hadi 19 mwezi huo, taifa likawa katika siku tatu za maombi zilizotangazwa na Rais John Magufuli. Kenya ilikuwa imeshafanya siku yake ya maombi Machi 21.

Wapo waliocheka, wakasema Waafrika na mambo yao. Wangesubiri kidogo. Jeanet Bentzen, mchumi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, alichunguza mambo ambayo watu wa nchi zaidi ya 90 walikuwa wakiyatafuta katika Google. Aliona kwamba Machi 2020, ugonjwa ulipotangazwa kuwa janga la dunia, watu waliotafuta sala na dua waliongezeka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka. Hata Denmark kwao, nchi isiyosifika kwa uchaji Mungu, sala zilitafutwa.

Kama dua hujibiwa au hazijibiwi, maabara haina mizani ya kupima hilo. Kinachopimika ni mwili wa anayeomba.

Tuanze na ubongo: kazi yake kubwa ni kubashiri kitakachofuata. Mtu akikutana na nyoka njiani, hofu yake ina mwanzo na mwisho: atakimbia au atampiga, na mapigo ya moyo yatashuka. Korona haikuwa na umbo wala mwisho. Ilikuwa kwenye kitasa cha mlango, kwenye noti ya elfu moja, kwenye kikohozi cha jirani. Hofu ya namna hiyo huufanya mwili ukae macho wiki baada ya wiki, homoni za mfadhaiko zikiwa juu na usingizi ukiwa haba.

Sasa, mtu mwenye wasiwasi hufanya nini mikono yake ikiachwa huru? Martin Lang na wenzake walilijaribu hilo huko Brno, Jamhuri ya Cheki, na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Waliwaambia baadhi ya washiriki kwamba watatoa hotuba mbele ya mtaalamu, kisha wakawapa pambo walisafishe, mikononi wakiwa wamevaa vifaa vya kupima mwendo. Kadiri wasiwasi ulivyozidi, ndivyo mikono ilivyorudiarudia miondoko ileile. Hakuna aliyewaagiza. Mwili wenyewe ulijitafutia mpangilio, kwa kuwa jambo linalorudiwa ni jambo linalotabirika.

Je, mpangilio huo unatuliza kweli? Lang, pamoja na Dimitris Xygalatas na wengine, walilipeleka swali hilo Mauritius kwa wanawake wa jamii ya Wamarathi, ambao ni Wahindu. Wote walitiwa wasiwasi kwa kuagizwa waandae hotuba kuhusu kujikinga na maafa. Baadaye kundi moja likaenda hekaluni kufanya ibada yake ya kawaida, na kundi jingine likakaa tu katika jengo lisilo la dini. Watafiti walipima nafasi kati ya pigo moja la moyo na jingine, maana moyo wa mtu aliyetulia haupigi kwa vipimo sawasawa. Nafasi hizo hupanuka na kupungua pamoja na pumzi. Waliofanya ibada walisema wasiwasi wao ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao, na mioyo yao ilionyesha vivyo hivyo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020, wakati mahekalu, misikiti na makanisa mengi duniani yalikuwa yamefungwa.

Pumzi nayo ina habari yake. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, aliwapima watu 23 waliokuwa wakisali rozari kwa Kilatini. Mtu mzima hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Waliosali walishuka hadi takriban mara 6, na mwendo huo ndio unaousaidia mwili kuratibu vizuri mapigo ya moyo na presha ya damu. Wanaovuta uradi kwa tasbihi baada ya sala ya alfajiri hawatashangaa sana.

Lakini utulivu unaoletwa na mila hautoki kwenye pumzi tu. Unatoka pia kwa watu. Matanga, khitma, kukesha na wafiwa, kumwosha maiti: hapo ndipo jamii inapomwambia mfiwa kwamba hayuko peke yake. Magonjwa ya mlipuko hupiga palepale. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini na Ituri, Kongo, Agosti 2018, familia ziliona ndugu zao wakichukuliwa na watu waliofunikwa kutoka utosini hadi vidoleni, kisha zikaletewa mfuko uliofungwa. Uvumi ukaenea, na timu za mazishi zikashambuliwa. Mambo yalianza kulainika pale mila iliposikilizwa: mifuko yenye sehemu angavu ili ndugu waone uso wa marehemu wao, na vyumba vya plastiki angavu ambamo mgonjwa aliweza kuonana na mama yake wakazungumza. Mlipuko huo uliisha Juni 2020 ukiwa umeua zaidi ya watu 2,200. Naamini bila mabadiliko hayo idadi ingekuwa kubwa zaidi.

Hapa lazima tuseme wazi. Kitu kinachopunguza hofu si lazima kipunguze virusi. Mvuke wa nyungu haufiki kwenye seli ambamo virusi vinazaliana, na maji ya moto huunguza. Madaktari wa Birmingham, Uingereza, walieleza mwaka huohuo wa 2020 jinsi watoto walioungua kwa maji ya kujifukiza walivyoongezeka. Tiba ya bibi inajulikana kule pia. Hatari zaidi ni ule utulivu wenyewe, pale unapomfanya mtu anayehema kwa shida aahirishe kwenda hospitali.

Na imani haimlazimishi mtu kuahirisha. Karibu na mwaka 18 Hijria, Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Shamu alipata habari za tauni ya Amwas. Aliamua kurudi. Abu Ubayda, kamanda wake huko Shamu, akamhoji kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba kurudi nako ni kadari ya Mungu. Masheikh wengi waliikumbuka hadithi hiyo wakati wa korona, na pengine ilishawishi watu wengi kubaki nyumbani kuliko mabango ya wizara.

Baada ya korona, mkoa wa Kagera, Tanzania, umepata mlipuko wa virusi vya Marburg mara mbili, 2023 na 2025. Wizara za afya zisisubiri mlipuko mwingine ndipo ziwatafute masheikh, wachungaji na wazee wa mila. Zikae nao sasa, mezani, wakubaliane maiti itaoshwaje, nani atasimama kaburini na familia itaaga vipi. Nawe msomaji, jifukize ukipenda na uombe upendavyo, ila pumzi ikibana, nenda hospitali siku hiyohiyo.