Joginder Singh, fundi wa Kericho aliyeitawala Safari

Gari lililoshinda mbio za Safari mwaka wa 1965 lilikuwa limeshatumika na kuchoka. Lilikuwa Volvo PV544, lenye mgongo wa mviringo kama wa kobe, lililobaki Kenya baada ya timu ya kiwanda kutoka Uswidi kushindwa kutamba katika mashindano ya 1964. Ndugu wawili, Joginder na Jaswant Singh, walilinunua, wakalifungua na kulifunga upya kwa mikono yao. Pasaka ilipowadia walipewa nambari 1, wakatangulia kung'oa nanga Nairobi, na wakarudi wa kwanza. Aliyewafuata alikuwa nyuma kwa zaidi ya saa moja na nusu.

Mashindano hayo yalikuwa yameanzishwa mwaka wa 1953. Kenya ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa tu tangu ijipatie uhuru, na mtu aliyepanda jukwaani alikuwa Kalasinga mwenye kilemba, mzaliwa wa Kericho.

Kericho si mbali na huku kwetu, kaunti ya Migori. Anayetoka Masara huenda Migori, akapita Kisii na Sotik, na baada ya saa chache anaanza kuona majani ya chai. Huko ndiko Joginder Singh Bhachu alikozaliwa tarehe 9 Februari 1932, kifungua mimba katika familia ya watoto kumi. Baba yake, Battan Singh, alikuwa na gereji, na kijana alianza pale wanapoanzia vijana wengi wa gereji hadi leo: kumpa fundi spana, kuosha vipuri kwa mafuta, kulala chini ya gari huku oili ikimdondokea usoni. Mwaka wa 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuwa mtu wao wa kwanza wa doria. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani akiwanasua waliokwama na kuwatengenezea magari papo hapo.

Ni vigumu kufikiria shule bora zaidi ya kumwandaa dereva wa Safari. Mtu wa doria huona kila siku kinachoua magari. Anajua ni shimo gani huvunja springi, ni jiwe la ukubwa gani hupasua tangi la oili, na ni mlio gani huanza kusikika kabla bushi haijaisha. Joginder alipoingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka wa 1959, alikuwa ameshayajua magari kutoka upande wa chini.

Safari ya siku hizo haikufanana na inayofanyika Naivasha tangu 2021, ambapo madereva hushindana katika vipande vya barabara vilivyofungwa na jioni hurejea kwenye kituo kimoja cha matengenezo. Ya zamani ilienda usiku na mchana, takriban kilomita 5,000 kwa siku chache, katika barabara za umma zisizofungiwa mtu. Kwenye kona ungeweza kukuta ng'ombe, basi, au lori la miwa. Kila kituo cha ukaguzi kilikuwa na saa yake, na dakika uliyochelewa ilihesabiwa dhidi yako. Aliyerudi Nairobi na hesabu ndogo kuliko wote ndiye aliyeshinda. Waandalizi walichagua Pasaka wakijua vyema kwamba masika huwa yamekolea. Mwaka wa 1963 yaliondoka magari 84 na yakamaliza saba. Mwaka wa 1968 yaliondoka 93, na safari hiyo pia yakamaliza saba.

Nyuma ya gari la Safari palikuwa na kitu ambacho dereva wa Probox wa Nyatike angekielewa bila kuelezwa. Juu ya buti kulifungwa vishikio viwili, na kwenye bampa pakawekwa mahali pa kukanyagia. Gari likizama kwenye udongo mweusi unaonata, mwelekezi aliruka nje, akapanda pale nyuma na kurukaruka kwa uzito wake wote ili magurudumu yapate kushika. Likinasuka, halikusimama kumngoja. Alining'inia pale pale, tope likimpiga kichwani, mpaka wafike penye ardhi ngumu.

Mwaka wa 1974 Joginder alirudi na Mitsubishi Lancer ya injini ya 1600, mwelekezi wake akiwa David Doig. Mpinzani mkuu alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi katika Porsche 911, gari lenye nguvu kuliko Lancer kwa kila kipimo. Mvua ilinyesha, barabara zikageuka mito, na Joginder akashinda huku Waldegård akiwa wa pili. Kwa Mitsubishi huo ulikuwa ushindi wa kwanza kabisa katika mbio za ubingwa wa dunia. Kampuni ambayo Lancer zake zingekuja kutwaa mataji ya dunia miaka ya 1990 ilifunguliwa mlango na fundi kutoka Kericho.

Mwaka huo huo binti wa Nyanza, Orie Rogo-Manduli, alijitosa katika Safari, na anakumbukwa kuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kushiriki. Wengi huku walimfahamu baadaye kwa vilemba vyake vikubwa na ulimi wake usioogopa mwanasiasa yeyote, hadi alipofariki mwaka wa 2021. Anastahili makala yake mwenyewe.

Mwaka wa 1976 Joginder, sasa akiwa na miaka 44, alishinda tena na Doig, na Lancer zikachukua nafasi tatu za kwanza. Wengi walimwita Sikh anayepaa. Kenya walimwita Simba.

Tatu ni idadi kubwa ya ushindi, lakini si rekodi. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala ambaye familia yake ilikimbilia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka wa 1972, alishinda mara tano. Mwaka wa 1973 alilingana kwa pointi na Harry Källström na akapewa taji kwa kanuni ya kuwatenganisha. Kisha akatwaa manne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mehta alikuwa na kasi ya ajabu, na timu kubwa ya Datsun ilikuwa nyuma yake.

Hata hivyo, hesabu inayomtofautisha Joginder ni nyingine. Aliingia Safari mara 22 na kumaliza mara 19. Katika mbio zilizoweza kumeza magari 86 kati ya 93, mtu huyu alishindwa kufika mara tatu tu katika zaidi ya miongo miwili, tena akibadilisha magari: Volvo, Datsun, Mitsubishi na mengineyo. Hapo bahati haitoshi kuwa maelezo. Alijua wakati wa kukanyaga mafuta na wakati wa kuondoa mguu, kwa sababu alijua ni kipuri gani kilichokuwa kinaumia chini yake na kingestahimili kilomita ngapi zaidi. Waliomshinda kwa kasi mchana mara nyingi aliwapita usiku wakiwa wameinua boneti kando ya barabara.

Miaka yake ya mwisho aliishi Uingereza, na alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013 akiwa na umri wa miaka 81.

Huku Migori na Homa Bay vijana wa aina yake hawajakosekana. Wapo chini ya miti kwenye gereji za jua kali, wanaofufua Probox zilizobeba watu, magunia na mawe ya dhahabu kutoka machimboni kwa miaka mingi. Wanayajua magari kutoka upande wa chini. Wasichokijua ni namna ya kuingia katika mchezo ambao umebaki mbali na kwao, na ambao unahitaji fedha nyingi. Magari ya daraja la juu yanayokuja Naivasha hayagusiki kwa bei, lakini ubingwa wa kitaifa una madaraja ya chini ambamo Subaru ya kawaida iliyofungwa vizuri inaweza kushindana. Shirikisho la Mbio za Magari la Kenya lingeleta raundi moja Nyatike, na serikali hizi mbili za kaunti zigharimie usalama na kuwalipia ada ya usajili vijana wachache wa gereji. Barabara mbovu tunazo za kutosha. Na ifanyike Aprili, mvua ikiwa imekolea.