Nguruwe, Tegu na Kifafa

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: “Maalim, nyama ya nguruwe ikiiva barabara yadhuru nini?” Nilimkubalia kwamba moto wa kutosha huua watoto wa tegu waliomo. Sisi twaiacha kwa amri ya Mwenyezi Mungu, Suratul Baqara, aya ya 173, si kwa hofu ya mnyoo.

Lakini, enyi wazazi, madhara ya mnyoo huo hutufikia hata sisi. Aliyepata tegu kwa kula nyama hiyo isiyoiva hutoa mayai katika haja kubwa. Yakifika majini, mikononi au kwenye mboga, hata asiyeonja nguruwe huyameza. Yakiangulika, watoto wake huweza kukaa ubongoni wakaleta kifafa. Basi mtoto aangukaye msimsingizie pepo, mpelekeni hospitali.