Siku Moja Coco Beach: Mtu wa Milimani Ajihadhari na Nini?

Mtu wa Iringa au Mbeya anapotelemka Dar es Salaam kwa harusi, mkutano au safari ya kwaya, wenyeji wake hawamwachi arudi bila kufika Coco Beach. Ufukwe huo uko Oysterbay, na Jumapili alasiri hufurika watu. Kuna mihogo ya kukaanga yenye pilipili, mishikaki, madafu, muziki, na watoto wanaokimbizana mchangani. Tangu mwaka 2022 kuna pia Daraja la Tanzanite hapo jirani, lenye urefu wa zaidi kidogo ya kilomita moja.

Kupumzika ni sehemu ya afya. Lakini sisi wauguzi wa Nyanda za Juu tunapenda msafiri wetu ayajue mambo mawili ambayo mtoto wa pwani huyajua mapema: maji na mbu.

Kwanza maji. Wengi wetu huku milimani hatukujifunza kuogelea. Hata aliyezoea Ziwa Nyasa pale Matema asijidanganye, kwa kuwa ziwa halijai na kupwa kama bahari. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mahali ulipotembea pakavu asubuhi, alasiri panaweza kumzidi mtu kimo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, na maji hujaa zaidi. Kwa hiyo muulize mwenyeji saa za maji kabla ya kuingia.

Asiyejua kuogelea asipite kiunoni, na aliyekunywa pombe asiingie kabisa. Mtoto awe karibu na mtu mzima kiasi cha kumfikia kwa mkono. Mkienda kundi, mchagueni mmoja ambaye kazi yake ni kutazama watoto tu. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Huzama kimya huku wakubwa wakiongea.

Mtu akizama, asiyejua kuogelea asimfuate. Amtupie kamba, kanga au dumu tupu lililofungwa kifuniko, na aite msaada. Akitolewa bila kupumua, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo, maana mnapoteza dakika za uhai. Mlazeni chali, inueni kidevu, mbaneni pua na kumpulizia hewa mdomoni mara 5. Kisha mkandamizeni katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, mpulizieni mara 2, na mwendelee hivyo hadi apumue au msaada ufike. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Pili mbu. Baridi yetu huwapunguza mbu wa malaria, na ndiyo sababu miili ya wengi wetu haina kinga ya kutosha dhidi ya ugonjwa huo. Mbu hao huuma zaidi usiku. Jua likizama, vaeni nguo ndefu, na huko mlikofikia laleni ndani ya chandarua chenye dawa. Mama mjamzito na mtoto mdogo ndio wa kulindwa kwanza.

Malaria haionekani siku ile ile. Homa huanza baada ya siku 7 au zaidi, mara nyingi wiki ya pili, wakati msafiri amekwisha kurudi nyumbani. Hapo wengine husema ni mafua au uchovu wa basi, wakameza vidonge vya maumivu na kungoja. Kungoja huko kunaweza kumwua mtoto. Homa ikianza, nendeni mara moja kupima damu, na mwelezeni mganga bila kuulizwa: "Nilikuwa Dar es Salaam." Mkipewa dawa mseto, malizeni dozi yote hata mkipata nafuu siku ya pili.

Basi nendeni, mle mihogo, mpunge upepo. Mkirudi, hesabuni siku.