Taa ya Njano, Taa Nyekundu: Mota Ikijizima, Tafuta Chanzo Kwanza

Pampu ya mradi wa maji inapojizima usiku, wahudumu wengi hubonyeza kitufe na kuiwasha tena. Ikizima, hubonyeza tena. Kila jaribio huongeza joto kwenye mota, na ikiungua, kijiji kizima hurudi mtoni na mitungi hadi mota nyingine ipatikane.

Katika mitambo mingi ya kisasa, kinachoizima mota ni kidhibiti kasi, kile kisanduku cha ukutani ambacho mafundi hukiita draivu. Hupokea umeme na kuupima kabla ya kuupeleka kwenye mota, ili izunguke kwa kasi inayohitajika tu. Katika kaunti za Kericho na Bomet, vifaa hivi hutumika kwenye pampu za maji, zikiwemo za sola, na kwenye feni za kunyausha majani ya chai viwandani. Feni ikipunguzwa kasi hadi asilimia 80, hutumia karibu nusu tu ya umeme. Ikisimama kwa saa nyingi, majani hupata joto, yakabadilika rangi, na mkulima hupata hasara.

Onyo na hitilafu ni vitu viwili

Kwa aina nyingi, taa ya njano ni onyo: mota bado inazunguka, lakini kuna jambo la kukaguliwa mapema. Taa nyekundu ni hitilafu: kidhibiti kimezima mota ili kuiokoa. Pamoja na taa huonekana namba au herufi kwenye kioo. Hiyo ndiyo lugha ya mtambo, na maana yake imeandikwa katika kitabu cha maelekezo. Namba hutofautiana kulingana na kampuni, hivyo isikisiwe.

Vyanzo vya kawaida

• Fezi moja kupotea. Hutokea fyuzi ikikatika au waya ukianguka, hasa baada ya radi na upepo. Chunguza kama majirani pia wamekosa umeme, kisha piga ripoti Kenya Power.

• Umeme kuwa mdogo au kupanda ghafla. Onyo likirudi kila jioni saa zile zile, andika saa hizo, zitamsaidia fundi.

• Joto jingi. Vumbi la chai, majani makavu au viota vya wadudu huziba matundu ya hewa na feni ndogo ya kisanduku.

• Mzigo kupita kiasi. Pampu imezibwa na mchanga, au beringi zimechoka.

• Pampu kukosa maji. Wakati wa kiangazi kina cha kisima hushuka. Pampu nyingi hupozwa na maji yale yale zinayovuta, hivyo zikizunguka kavu huharibika haraka.

• Umeme kuvuja ardhini. Waya umechubuka au maji yameingia kwenye mota. Hapa mtambo usiwashwe upya hata mara moja.

Hatua za kufuata

Mhudumu anapaswa kuandika namba ya hitilafu, tarehe na saa, au kuipiga picha kwa simu, kabla ya kugusa chochote. Kisha akague yanayoonekana kwa nje: tangi, vali, vumbi, harufu ya kuungua. Chanzo kikipatikana na kuondolewa, mtambo uwashwe mara moja. Ukizima tena, aitwe fundi umeme mwenye leseni ya EPRA.

Kifuniko kisifunguliwe na asiye fundi. Hata swichi kuu ikizimwa na taa zote kutoweka, ndani hubaki umeme unaoweza kuua. Muda wa kusubiri huandikwa kwenye kifuniko, na kwa mitambo mikubwa huwa dakika nyingi.

Kamati za maji zinahimizwa kuweka daftari karibu na mtambo na kuandika humo kila onyo. Onyo la njano likishughulikiwa leo, gharama yake huenda ikawa ni brashi ya kuondoa vumbi tu. Likipuuzwa, kamati italazimika kuchangisha wanakijiji pesa za mota mpya.