Kadre moja kwa wote: namna mashine ya kura inavyopanga sura za wagombea

Mkaaji wa Karuba aliyepiga kura tarehe 30 Desemba 2018 bado anakumbuka kile kioo. Mtu anaingiza karatasi ndani ya mashine, foto za wagombea zinatokea, anagusa moja, mashine inachapa chaguo lake, kisha anapeleka karatasi kwenye sanduku. Tangu siku ile, wengi hawajapiga kura tena. Tarehe 20 Desemba 2023, Masisi, Rutshuru na Kwamouth hazikupiga kura juu ya usalama mbaya.

Lakini kuna swali ambalo wachache waliuliza: nani alipanga zile foto? Kwa nini hakuna mgombea mwenye foto kubwa kuliko mwenzake?

Jibu linaanzia mbali kidogo. Katika uchaguzi wa tarehe 30 Julai 2006, wagombea urais walikuwa 33, na wote walipaswa kuenea kwenye karatasi moja. Kwa ubunge wa taifa, wagombea walipita 9,000 kwa viti 500. Mwaka 2011 walipita 18,000, na fasi fulani za Kinshasa karatasi ya kura ikageuka kitabu cha kurasa nyingi. Mwaka 2018, CENI ikaleta mashine zilizotengenezwa Korea ya Kusini na kampuni ya Miru Systems. Ilisema kwamba itapunguza karatasi na gharama. Wapinzani wakaiita mashine ya kuiba kura. CENI ikajibu kwamba ni mashine ya kuchapa tu.

Tuache ubishi huo, tuangalie kazi ya kupanga. Kupanga maelfu ya majina kwa mkono haiwezekani bila makosa. Mmoja atapewa nafasi pana, mwingine foto yake itakatwa kichwa. Ndiyo maana watu wa kompyuta wanatengeneza modeli moja na kuiandikia kanuni. Kadre ya kila mgombea iwe na upana uleule. Foto ikija kubwa, ipunguzwe mpaka ienee; ikija ndogo, isivutwe mpaka sura iharibike. Nambari ikae pembe ileile, jina chini ya foto, alama ya chama kando. Wakijaa kwenye ukurasa, anayefuata aende ukurasa mwingine, bila kubanwa.

Kisha kompyuta yenyewe inapita jina kwa jina na kutumia kanuni zile. Haijui nani tajiri, nani mtoto wa kijiji. Ni kama forma ya matofali: udongo unabadilika, tofali linatoka na kipimo kilekile.

Kanuni ngumu zaidi ni ya majina marefu. Hapa kwetu mtu anaweza kuwa na majina matatu, manne. Yasipoenea, kompyuta ifanye nini? Ikipunguza herufi za mtu huyo peke yake, mzee mwenye macho mazito hatamsoma. Ikikata jina, anaweza kufanana na mwingine. Njia ya haki ni kuchagua kipimo kinachoenea kwa jina refu kuliko yote, halafu wote wapewe kipimo hicho.

Mambo haya yanaonekana madogo. Lakini Marekani waliyalipia. Mwaka 2000, huko Palm Beach, jimbo la Florida, ofisa wa uchaguzi aliongeza ukubwa wa herufi ili wazee wasome vizuri. Nia ilikuwa njema. Lakini majina hayakuenea tena ukurasa mmoja, yakagawanywa kushoto na kulia, na matundu ya kutoboa yakabaki katikati. Watu wakachanganyikiwa ni tundu gani la nani. Kura zaidi ya 19,000 zilitupwa kwa sababu zilitobolewa mara mbili. George W. Bush alishinda Florida kwa tofauti ya kura 537 tu, na Florida ndiyo iliyompa urais.

Somo lake ni hili: kubadilisha kitu kimoja kwenye modeli kunasukuma vingine vyote. Na kanuni ya kompyuta ina ubaya wake. Mtu akikosea kwa mkono, anaharibu karatasi moja. Kanuni ikiwa na kosa, kosa linarudiwa sawasawa kwenye kila mashine, toka Goma mpaka Walikale, na juu vyote vinafanana, macho yanaweza kupita bila kushtuka. Kufanana si lazima kuwe haki.

Kwa hiyo lazima watu waangalie mapema. Siku kura itakaporudi Masisi, mashine ya mfano ikiletwa kijijini, wakaaji na mashahidi wa vyama wasiangalie tu namna ya kugusa kioo. Waulize: kadre zote ziko sawa? Nambari ya mgombea ni ileile aliyotangaza kwenye kampeni? Foto zinaonekana wazi? Asiyejua kusoma anaweza kumpata mtu wake kwa sura na nambari? Walio kwenye ukurasa wa pili wanaonekana kwa urahisi, ao mpaka mtu aonyeshwe?

Maswali hayo yanafaa kuulizwa kabla ya siku ya kura. Siku yenyewe, mbele ya kioo, mtu ana dakika chache tu.