Mvuvi wa Gazi katika Ziwa la Mlima Kenya

Waswahili husema, mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Lakini mvuvi huyo akitolewa pwani akapandishwa mlimani, mahali pasipo pweza, wala mwamba, wala maji ya chumvi, je, atakuwa na la kujua? Hilo ndilo nililotaka kuliona siku nilipompeleka baba yangu Ziwa Ellis.

Mimi ni mwalimu, na kwetu ni Gazi, pwani ya kusini. Mwaka 2014 nilihamishiwa shule moja ya upande wa Chogoria, katika kaunti ya Tharaka-Nithi, chini ya Mlima Kenya. Mtu aliyelelewa kwa harufu ya mikoko na ng'onda akifika huko, jambo la kwanza limpatalo ni baridi, na la pili ni hamu ya samaki.

Jumamosi moja mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa huko, alinialika twende tukavue mlimani. Nilicheka. Nikamwuliza, "Mlimani nako kuna samaki?"

Akanijibu, "Wako, bwana. Ila hawali chambo unachokijua wewe."

Samaki mwenyewe huitwa trauti. Ana magamba madogo, madoa meusi mwilini, na ubavuni mstari wa rangi ya waridi. Hawezi kuishi katika maji ya joto. Anataka maji baridi, safi, yenye hewa nyingi, na kwa hiyo hapa Kenya utamkuta katika mito na maziwa ya milimani tu. Ziwa Ellis liko zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi utaona nyasi zimeganda umande mweupe kama chumvi.

NZI WA MANYOYA

Ajabu ya uvuvi huu ni chambo chake. Hakitumiwi kipande cha ngisi wala dagaa, bali nzi wa bandia. Ni ndoana ndogo iliyozungushiwa nyuzi na manyoya ya ndege mpaka ikafanana na mdudu. Wengine huelea juu ya maji, wengine huzama. Mmoja aliye mweusi, apendwaye sana na wavuvi wa milima yetu, hujulikana kwa jina la Kenya Bug. Hapa nchini nzi hawa hufungwa kwa mikono, mmoja mmoja, na wengi husafirishwa kwenda kuuzwa ng'ambo.

Sisi wa pwani hutupa mshipi kwa uzito wa chubwi. Huku hakuna chubwi, na nzi mwenyewe ni mwepesi kama unyoya wa kifaranga. Kinachotupwa ni uzi wenyewe. Uzi huo umefanywa mnene na mzito makusudi, na mwishoni umefungwa kipande chembamba cha nailoni ambacho samaki hakioni. Mvuvi huuinua uzi kutoka majini kwa ufito mrefu mwepesi, akaurusha nyuma yake, akangoja unyooke hewani, kisha akaurudisha mbele.

Siri yote imo katika kule kungoja. Ukiharakisha, uzi hujikunja nao nzi hukunasa sikioni. Mwenzangu alinifundisha hivi: mkono uende baina ya tarakimu ya 10 na tarakimu ya 2, kama uso wa saa. Mimi nikadhani anasema saa kumi na saa mbili kwa hesabu yetu ya Kiswahili! Tulicheka sana. Yeye alikuwa akizitaja tarakimu zilizoandikwa, nami nilikuwa nikihesabu tangu jua kuchomoza.

Miezi mitatu ya mwanzo sikupata kitu. Nilinasa majani, nilinasa koti langu, na mara moja nilinasa kofia ya askari wa mbuga aliyekuwa akitulinda na nyati. Siku niliyompata trauti wa kwanza nilipiga ukelele kama mtoto. Alikuwa mdogo, hakuzidi urefu wa kiganja changu, nikamrudisha majini. Tangu siku hiyo nikawa mtumwa wa mchezo huu.

MGENI ALIYEPITA MOMBASA

Huenda msomaji akauliza, samaki huyu alifikaje huko juu? Trauti si mwenyeji wa Kenya. Mwaka 1905 mayai yake yaliletwa kutoka ziwa Loch Leven, Scotland, yakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Safari yake ilikuwa ya meli hadi Mombasa, kisha bara. Kwa hiyo samaki huyu alipita mlangoni petu kabla ya kuuona mlima.

Aliyeyaleta alikuwa mlowezi Ewart Grogan. Ndiye huyo huyo ambaye mwaka 1907 aliwachapa viboko Waafrika hadharani mjini Nairobi, mbele ya mahakama, akahukumiwa kifungo. Walowezi waliutaka mchezo wao wa kwao, na ili waupate iliwabidi wamlete na samaki wake. Baadaye vijito na maziwa mengine ya milimani, ambayo mengi hayakuwa na samaki, yalitiwa trauti.

Leo Mlima Kenya ni mbuga ya taifa tangu 1949, na mwananchi yeyote aweza kuvua huko, mradi alipe kiingilio na awe na kibali cha kuvulia. Hata hivyo utakaowakuta ukingoni ni wachache, na mtu wa pwani ni nadra kama theluji Lamu.

BABA AJA MLIMANI

Mwaka 2019 baba yangu alikuja kunitembelea. Umri wake ulikuwa miaka 71. Alivua tangu utotoni katika maji ya Gazi na Chale, kwa mshipi na kwa madema, mpaka magoti yalipomkataza kupanda ngalawa. Nilikuwa nimekwisha kumsimulia habari za nzi wa manyoya kwa simu, naye kila mara hujibu neno moja tu, "Kazi ipo!"

Tuliondoka alfajiri baada ya kuswali. Kutoka Chogoria hadi lango la mbuga ni kiasi cha kilomita 30 za njia mbaya, katikati ya msitu na mianzi, na gari la kawaida haliwezi. Tulikodi gari la kupanda milima. Toka langoni tulikwenda polepole sana kwa ajili ya pumzi za mzee, maana huko hewa ni nyepesi. Kabla ya saa nne tulikuwa ziwani. Baba alikuwa amevaa koti langu la sufu, kofia yake ya kazi ya mkono, na kikoi shingoni.

Nilitaka kumwonyesha umahiri wangu. Nikachagua ukingo ambako upepo ulinitoka mgongoni, uzi ukaruka mbali na vizuri. Nilirusha kwa saa nzima. Hakugusa hata mmoja.

Baba alikuwa ameketi juu ya jiwe, kimya, akiyatazama maji. Mwisho akaniita.

"Mwanangu, wewe wamfuata samaki au wamkimbia?"

"Kwa nini, baba?"

"Upepo watoka huku mabondeni, wapiga kwenda kule. Tazama lile povu. Kila kidudu kilichoanguka majini kimesukumwa ng'ambo ile. Ungekuwa samaki, ungengoja chakula wapi?"

Niliona haya. Miaka mitano nilikuwa nikivua ziwa lile, nikichagua mahali palipomfaa mvuvi, si palipomfaa samaki. Tukazunguka hadi upande wa pili, ambako mawimbi madogo yalikuwa yakipiga nyasi. Kurusha dhidi ya upepo ni shida, lakini hapakuwa na haja ya kurusha mbali. Trauti walikuwa karibu na ukingo, wakila. Kwa mtupo wa nne ufito ulipinda.

Nilimvuta kwa utaratibu, nikampa uzi alipotaka kwenda, nikaurudisha alipochoka. Baba alikuwa amesimama, amesahau magoti yake, akisema, "Mwache, mwache... sasa!" Alikuwa samaki mzuri, wa kutosha sahani.

Nikalowesha mikono, nikamtoa ndoana, nikamwachia majini, akaenda zake. Kisha nikageuka kumtazama baba, nikitarajia sifa.

"KIUMBE HACHEZEWI"

Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Umefanyani?" akaniuliza.

Nilimweleza kwamba ndivyo wafanyavyo wavuvi wengi wa mchezo huu duniani. Humvua samaki, wakamrudisha, ili ziwa lisiishe. Nikamwambia kwamba mimi hukibana kwa koleo kile kijino cha ndoana kisimchane, na kwamba samaki mdogo lazima arudishwe.

"Mdogo arudishwe, hilo nalijua," alisema. "Hata sisi tulikuwa tukiwarudisha wachanga. Lakini huyu hakuwa mdogo. Umemtoboa mdomo, umemtisha, umemchosha, na huna haja naye. Kiumbe hachezewi. Kama wataka kumla, mvue. Kama hutaki, mwache na maji yake."

Nilijaribu kubisha kwamba kumwacha hai ni huruma.

"Huruma," akanijibu, "ingekuwa kabla ya kumpiga ndoana."

Sikuwa na jawabu. Nilikumbuka tuliyofundishwa chuoni tukiwa watoto, kwamba chenye roho hakifanywi shabaha ya mchezo, na kwamba aliyehalalishiwa kuvua amehalalishiwa kwa ajili ya riziki. Nilikuwa nimelijua neno hilo kwa miaka mingi bila kulileta ukingoni mwa ziwa.

Niliporudi nyumbani nilisoma zaidi, nikagundua kwamba baba yangu hakuwa peke yake. Nchini Uswisi, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2008 inamkataza mtu kuvua kwa nia ya kumrudisha samaki. Ujerumani nako sheria ya kulinda wanyama hutaka pawe na sababu ya haki kabla ya kumtia mnyama maumivu, na starehe peke yake si sababu. Kwingineko, kama Marekani na Uingereza, kurudisha samaki huhesabiwa kuwa adabu njema, nao wanayo hoja, kwani maji mengine yangekwisha samaki zamani kama kila mvuvi angebeba kila alichopata. Basi jambo hili ni la mzozo, na wenye akili wako pande zote mbili.

Lakini siku ile ukingoni sikuwa na sheria ya Uswisi mfukoni. Nilikuwa na baba yangu, na upepo, na ufito mkononi. Nikamwuliza, "Sasa nifanyeje, baba?"

"Sisi ni wangapi?"

"Wawili."

"Basi vua wawili, tufunge tuondoke."

WAWILI TU

Wa kwanza alichukua nusu saa. Nikampiga kichwani mara moja kwa kijiti asiteseke. Kisha nikampa baba ufito. Alikataa, akasema yeye si mtu wa vitu vya kuchezea, lakini nilipomshikisha hakuuachia. Hakurusha kama nilivyofundishwa mimi. Aliutupa uzi mfupi tu, ukaanguka juu ya povu, akamwacha nzi apelekwe na mawimbi kama chakula cha kweli. Trauti alikuja akamchukua pale pale miguuni petu.

Sijamwona baba akicheka vile tangu alipouza ngalawa yake.

Ilikuwa bado mapema, na ziwa lilikuwa limefungua mkono. Samaki walikuwa wakiruka mbele yetu. Nakiri kwamba mkono ulinisisimka, nikatamani mmoja zaidi. Baba alikuwa amekwisha kuuzungusha uzi. Tulitawadha kwa maji yaliyouma vidole kama moto, tukaswali adhuhuri juu ya nyasi. Kibla cha mlimani ni kaskazini, vile vile kama kibla cha Gazi. Baadaye ukungu ukashuka, ziwa lote likapotea.

Usiku ule, nyumbani kwangu, baba aliwachoma wale trauti juu ya makaa na kuwapaka tui la nazi, ndimu na pilipili alizokuja nazo toka pwani, maana hakuamini kwamba bara kuna ndimu. Alikula polepole, akanyonya mifupa ya kichwa. Nikamwuliza ladha yake.

"Si mbaya," akasema. "Ila amekosa chumvi ya kuzaliwa nayo."

Tangu siku hiyo bado napanda Ziwa Ellis. Nimejifunza kutazama povu kabla ya kufungua mfuko wa vifaa, na kusimama pale upepo unapopeleka chakula, hata kama unanipiga usoni. Nikipata mchanga, humrudisha. Nikipata wa kula, humchukua. Na wakitimia wanaotutosha nyumbani, hufunga ufito, hata jua likiwa bado juu na samaki wakiruka. Wenzangu hunicheka kwamba nimesafiri mwendo wote ule kwa ajili ya samaki wawili.

Jioni baba hunipigia simu kutoka Gazi. Haulizi habari za baridi, wala za njia.

"Wangapi?" huuliza.

"Wawili, baba."

"Haya, lete na wangu."